Blanketi Ndani ya Viatu Vyangu

Kitale, Jumapili jioni

Nekesa mwanangu,

Viatu vyako vyeupe viko kwenye ukuta nyuma ya jikoni, vinakauka. Nimepita hapo mara tatu tangu tutoke kanisani, na mara ya tatu nimeingiza mkono ndani. Nakuambia mapema ili usishangae kwa nini kimoja kimegeuka upande mwingine. Hakukuwa na kitu ndani, na nilijua hakutakuwa na kitu. Alhamisi nilikuona ukichomoa zile soli laini, zile nyinyi mnaziita insoli. Uliposikia mlango ukazikunja haraka ndani ya leso, ukaniambia, "Hakuna kitu, Baba, ni nguo tu."

Nitakueleza nilivyofikiri, bila kujipamba. Kwanza nilifikiri ni zawadi ya mwanamume. Halafu nikafikiri unaumwa na unatuficha. Ijumaa ulipoenda sokoni na mama yako nikafungua ile leso. Nikazibonyeza kwa kidole gumba. Nikazinusa. Mwalimu mstaafu wa sayansi, mzee wa kanisa, amesimama katika chumba cha binti yake ananusa soli za viatu. Zilikuwa soli tu. Zilikuwa zimebonyea kwenye kisigino na chini ya vidole, maana yake umezivaa miezi mingi, na kila unapokuja nyumbani unazitoa kabla ya kufika getini, isipokuwa Alhamisi uliposahau.

Hapo ndipo nilipoelewa. Watoto wengi huficha maumivu. Hata mimi nilimficha baba yangu mengi. Wewe ulikuwa unaficha nafuu, na mtoto anayeficha nafuu amefundishwa na mtu. Nimetafuta huyo mwalimu ni nani, na sikulazimika kutafuta mbali.

Kesho unaenda Bungoma kuanza kazi ya uuguzi. Mambo ya chumba, chakula na kufunga mlango mama yako amekuambia tangu wiki jana, na nimesikia ukijibu "ndiyo, Mama" kama mtu anayehesabu mifuko ya mahindi. Sitarudia. Nataka kukuambia kwa nini Kukhu wako, mama wa mama yako, hajakanyaga nyumba hii tangu ulipokuwa darasa la nne. Tulikuambia ni mila. Mila haikumfukuza. Nilimfukuza mimi. Na kwa kuwa kesho unapita Kamukuywa anakoishi, nina kitu cha kukuomba umpelekee, lakini soma kwanza. Ukimaliza unaweza kukataa.

Mwaka ule nilikuwa nimefanywa naibu wa mwalimu mkuu. Nilinunua viatu vyeusi vya ngozi, vyenye soli ngumu, vile vinavyolia sakafuni ili wanafunzi wanyamaze kabla hujaingia. Nilifundisha nimesimama kutwa nzima, kwa sababu niliamini mwalimu anayekaa anafundisha uvivu. Baada ya muhula mmoja kisigino cha kushoto kikaanza. Asubuhi, hatua ya kwanza kutoka kitandani, ilikuwa kama kukanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinalegea. Jioni kinarudi.

Leo ningekueleza vizuri, na wewe ungenisahihisha. Chini ya unyayo kuna mshipi wa nyama ngumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, kama kamba ya upinde. Ukiusimamisha juu ya sakafu ya simenti siku nzima, unachanika kidogo kidogo pale unaposhikana na mfupa. Ukilala unajikunja, na asubuhi ukisimama unauvuta ghafla. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ni mbaya kuliko zote. Ni jambo la kawaida kabisa, lenye maelezo. Lakini wakati huo sikuwa na maelezo. Nilikuwa na Barasa.

Mwalimu Barasa alifundisha historia na alikaa meza inayotazamana na yangu. Asubuhi moja aliniona nikiingia.

"Naibu, mbona unatembea kama kuku amekanyaga makaa?"

"Ni kisigino tu."

"Asubuhi ndio kinauma sana, halafu mchana kinalegea, ama?"

"Umejuaje?"

"Bana, hiyo si kisigino. Hiyo umekanyaga kitu. Si juzi tu umepewa cheo?"

Walimu wakacheka. Nikacheka nao. Nikamwambia, "Barasa, mimi nafundisha sayansi."

"Si ndiyo maana wakakutegea chini? Huko juu uko na sayansi."

Alikuwa anatania, na kufikia saa ya chai alikuwa amesahau. Mimi sikusahau. Nilikua nikisikia kwamba mtu anaweza kuchota mchanga wa nyayo zako akakufanya uchechemee hadi kaburini. Nilisoma hadi chuo, nikafundisha vijana mahali bakteria wanapokaa, lakini ule mchanga wa nyayo ulikuwa umekaa ndani yangu mahali ambapo vitabu havikufika. Nikaanza kuruka kizingiti cha mlango. Nikaanza kufagia getini mwenyewe, alfajiri, kabla mtu hajapita. Baadaye nikaacha geti kabisa, nikawa natokea shambani.

"Baba Nekesa," mama yako aliniuliza siku moja, "kwa nini siku hizi unapitia shambani?"

"Nakagua mahindi."

Ilikuwa Januari. Shambani kulikuwa na mabua tu, na ng'ombe mmoja wa jirani. Aliniangalia, akaangalia lile shamba tupu, akanyamaza. Mama yako akinyamaza anapanga jambo. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza nilipomposa, na siku ile ningekumbuka mambo yangekuwa tofauti.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, nilijilaza kwenye kochi na miguu nje. Nilikuwa nimeanza kusinzia nikahisi kitu kinapita kando ya unyayo, polepole, kama mdudu. Nikafungua jicho kidogo. Mama yako alikuwa amepiga magoti na kalamu ya risasi. Alikuwa ameegemeza karatasi ya daftari kwenye ubao wa kukatia mboga, na alikuwa anachora mguu wangu. Akamaliza wa kushoto, akahamia wa kulia. Halafu akaikunja ile karatasi ndogo ndogo, akaifunga kwenye ncha ya leso.

Mwanangu, jiulize ungefanya nini. Mtu wa kawaida angesema, "Unafanya nini hapo?" Maneno matatu au manne. Yangeokoa miaka kumi na mitatu. Mimi nilifumba jicho nikaendelea kupumua kama mtu aliyelala. Nilitaka kujua ataipeleka wapi. Mtu mwenye shaka ana ugonjwa huo: akiwa karibu na ukweli haulizi, kwa sababu akiuliza atajibiwa, na akijibiwa kazi yake ya kuchunguza imekwisha.

Jumatatu akasema anaenda Kamukuywa kumwona mama yake. Nikasema, "Msalimie." Nikabaki nikihesabu siku.

Sasa nitakueleza jambo unalolijua, kwa sababu tangu utoto umeliona bila kuelezwa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha, na wote wawili wanaangalia chini. Ni heshima. Kukhu wako aliishika heshima hiyo kuliko mwanamke yeyote ninayemjua. Tangu nilipopeleka mahari hakuwahi kunitazama usoni. Nikija ukweni anatoka nyuma ya nyumba na salamu zake zinanifikia kupitia kwa mtoto. Kwa hiyo usingewahi kufikiria kwamba mwanamke kama huyo angeshika kitu kinachokaa kwenye miguu yangu. Hata mimi sikufikiria. Ndiyo sababu nilipogundua niliogopa.

Baada ya wiki tatu hivi, asubuhi moja nilivaa viatu nikahisi sakafu imebadilika. Kisigino kilishuka juu ya kitu laini, kikapokelewa. Nilifika shuleni bila kuchechemea. Utafikiri nilishukuru. Nilipata jasho. Maumivu yangu nilikuwa nimeyazoea na nilijua yanatoka wapi, au nilidhani najua. Ile nafuu sikujua imetoka wapi. Nikajifungia kwenye stoo ya maabara, nikavua viatu, nikavuta ndani.

Kilikuwa kitambaa kizito kilichokatwa sawasawa na unyayo wangu, tabaka juu ya tabaka, kikashonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Kila kimoja kwa mguu wake. Nikachukua wembe wa maabara nikapasua cha kushoto. Ndani hamkuwa na majivu wala mfupa wala nywele, na nilitafuta. Mlikuwa na blanketi. Blanketi la rangi ya hudhurungi lenye mstari wa kijani, na ule mstari niliujua. Lilikuwa blanketi nililompelekea Kukhu wako siku ya mahari, blanketi la mama, lile ambalo kila mkwe hupeleka. Nililichagua mwenyewe pale Moi's Bridge baada ya kuuza mahindi. Nilizunguka maduka yote nikitafuta zito kuliko mengine.

Amelikata, nikawaza. Amekata blanketi la mahari vipande vipande, kwa kipimo cha miguu yangu, ili nikanyage heshima yangu mwenyewe kila siku. Anaivunja ndoa. Anafunga miguu yangu isimfikie binti yake. Niliona yote kwa mstari ulionyooka, mwanangu, kila jambo likiingia mahali pake. Kama kuna neno moja ambalo ningetaka ulibebe kwenda Bungoma, ni kwamba uiogope shaka inayoingia mahali pake vizuri namna hiyo. Maabara ilinifundisha kwamba matokeo yakikubaliana na wazo lako yote, bila hata moja kukataa, mara nyingi umekosea kupima. Nilifundisha hivyo miaka mingi, na siku ile nilikuwa nimesimama ndani ya maabara.

Cha kulia nilikitupa kwenye shimo la takataka nyumbani. Cha kushoto, kilichopasuliwa, nilikwenda nacho Kamukuywa Jumamosi. Sikumwambia mama yako.

Kukhu wako alikuwa uani anapepeta maharagwe. Wajomba zako wawili walikuwa hapo, na mama mmoja wa kanisani. Aliponiona akainuka apate kwenda nyuma ya nyumba, kama kawaida. Nikasema, "Mama, simama." Hakuna mkwe anayesema hivyo. Wajomba zako waliacha kuongea. Akasimama, akavuta leso hadi nusu ya uso, akaangalia chini.

"Nani alikutuma kwenye miguu yangu?" nikamuuliza.

Akaweka ungo chini.

"Blanketi ya mahari inakatwa? Nauliza. Kwenu hapa blanketi ya mahari inakatwa?" Nikakitupa kile kitambaa mbele yake, kwenye maganda ya maharagwe.

Halafu akasema, taratibu, akiongea na ardhi, "Mwalimu, mtoto aliniambia asubuhi ukikanyaga chini unalia. Mimi nikaangalia hapa kwangu. Kitu laini ilikuwa hiyo blanketi peke yake."

Ningeweza kukuambia kwamba nilielewa palepale. Sikuelewa. Nilichosikia ni neno moja tu: unalia. Mama yako alikuwa amemwambia mama yake kwamba mume wake, naibu wa mwalimu mkuu, analia asubuhi. Na nilikuwa nalia kweli, nikidhani amelala. Niliona haya hadi masikio yakaziba. Nikamwambia asikanyage kwangu tena, na asiguse kitu changu. Nikaondoka. Mjomba wako mkubwa alinifuata hadi barabarani akasema, "Shemeji, wewe umesoma, lakini leo umetuonyesha mahali ulipoachia."

Mama yako hakugombana na mimi. Aliacha tu kuniambia mambo. Na wewe ulipouliza kwa nini Kukhu haji Krismasi, nilikuambia, "Ni mila, Nekesa. Mama mkwe haji nyumbani kwa mkwe ovyo." Ulikuwa mdogo, ukaamini. Mila ni kitu kizuri, lakini ni kipana, na mtu mwenye kosa anaweza kujificha nyuma yake akasimama huko hadi azeeke. Tangu hapo viatu vyangu vikawa vigumu na nikawa nacheka watu waliovaa laini. Unakumbuka? "Miguu ya mwanamume haihitaji mto." Nilisema hivyo mezani mara ngapi? Uliposomea uuguzi ukarudi likizo ukichechemea nilikuambia utazoea. Nadhani hapo ndipo uliponunua za kwako.

Mwaka jana nilishindwa kabisa, nikaenda hospitali. Mama mmoja kijana, ambaye kazi yake ni miguu na mifupa ya watu, aliubonyeza unyayo wangu mahali pamoja tu nikapiga kelele. Akanieleza habari ya ule mshipi. Akasema nipumzike, nijinyooshe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na niweke soli laini ndani ya viatu, lakini zisiwe laini tu. Ziwe na kitu kinachoinua katikati ya unyayo. Nilimshuku, bila shaka. Nilimuuliza kama anaziuza. Akacheka, akasema haziuzi.

Pale mjini karibu na stendi kuna kijana anaziuza. Alinishikia moja usoni. "Mzee, ukivaa hii unasahau kama uko na miguu."

"Na nikisahau niko na miguu, nitatembea na nini?"

"Mzee, wewe nunua tu."

Niliibonyeza. Kidole kikazama hadi upande wa pili na haikurudi. Soli kama hiyo siku ya kwanza ni tamu, wiki ya pili ni karatasi. Zako zinarudi, nimezijaribu, ingawa kisiginoni zimeanza kuchoka. Hapo shaka yangu nadhani ina kazi, kwa hiyo nakuachia hiyo: ishuku soli. Ishuku pia nafuu yake, kwa maana hii tu, kwamba mguu ukifa ganzi au ukivimba, soli haitauponya. Wewe unajua kuliko mimi. Lakini usimshuku aliyeiweka.

Sikununua kwa yule kijana. Nikaamua kwenda kwa fundi wa viatu Kipsongo, yule mzee anayekaa chini ya bati jekundu, anitengenezee. Nilipokuwa natoka, mama yako akaniletea kitu kwenye mfuko wa nailoni. "Mpe hii apimie," akasema. Sikuangalia ndani. Nilikuwa na shaka, lakini nilikuwa na maumivu zaidi.

Fundi akakitoa. Kilikuwa kile cha kulia. Mama yako alikiokota shimoni siku ileile, akakifua, akakiweka miaka yote hiyo.

Fundi alikigeuza. Akakikunja. Akachukua kiatu changu akatazama chini, akarudi kwenye kitambaa.

"Mwalimu, nani alishona hii?"

"Kwa nini unauliza?"

"Huyu mtu alikuona ukitembea siku nyingi sana."

"Alikuwa na karatasi," nikasema. "Alipewa kipimo kwa karatasi."

"Karatasi inasema urefu na upana. Sasa ona. Hapa kisigino ameacha bonde, ndio mfupa usigonge. Hapa katikati ameongeza nguo. Hapa upande wa nje ameweka nene, kwa sababu wewe unakanyagia nje. Ona kiatu chako kilivyoisha." Alinionyesha. Kisigino cha kiatu kilikuwa kimelika upande wa nje, kama ndizi iliyoumwa. "Hii karatasi haijui. Hii inajuliwa na mtu amekuangalia miguu miaka."

Nilikaa kwenye kigoda chake, mguu mmoja kwenye kiatu, mwingine kwenye soksi. Nikafikiri ni nani aliyeniangalia miguu miaka. Halafu nikakumbuka mwanamke mmoja ambaye kwa heshima hakuwahi kunitazama usoni hata siku moja. Kila nilipofika ukweni, siku ya mahari, ubatizo wako, msiba wa babu yako, alikuwa anaangalia chini. Na chini kulikuwa na miguu yangu. Aliijua kuliko nilivyoijua mimi. Aliona nilipoanza kuchechemea kabla sijaanza kujificha shambani. Hakuwa na ruhusa ya kuniuliza, wala ya kunipa kitu mkononi, kwa hiyo akaomba kipimo kwa binti yake, akaomba nisiambiwe, na akakata kitu kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo. Hata siku ile uani, nikimfokea, alikuwa anaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa vile viatu vigumu, bila kitu ndani.

Huo ni mwaka mmoja uliopita; fundi alinishonea soli, na kisigino kikatulia kwa muda. Utauliza kwa nini sikwenda siku ileile. Nimekuwa na sababu nyingi na zote nimezipima. Nilisema mvua, nikasema kanisa, nikasema mkwe hawezi kusimama mbele ya mama mkwe akaomba msamaha, haijawahi kuonekana. Nikasema nitapiga simu, lakini simu haina mahali pa kuangalia chini. Ukweli ni kwamba sikujua atasema nini, na niliogopa kwamba hatasema neno. Anazeeka. Mama yako anasema siku hizi anaota jua tangu asubuhi na miguu yake mwenyewe imevimba. Sina miaka mingine kumi na mitatu ya kucheza nayo, na yeye hana hata nusu yake.

Leo baada ya chai nilimwomba mama yako alete karatasi ya daftari na kalamu ya risasi. Nikaiweka sakafuni, nikavua viatu, nikasimama juu yake macho wazi. Akapiga magoti kama siku ile. Alipokuwa anazunguka kidole kikubwa akauliza bila kuinua kichwa, "Hutaki kujua naipeleka wapi?"

"Najua inakokwenda."

"Kisigino kimerudi?"

"Kimerudi. Asubuhi nalia."

Aliinama akamaliza wa pili. Mstari wa ule mguu umetetemeka kidogo. Usimwambie Kukhu ni kwa sababu ya nini.

Ile karatasi iko ndani ya bahasha hii, pamoja na kile kitambaa cha kulia. Kwenye kiti kuna blanketi jipya ndani ya nailoni. Nililinunua Moi's Bridge wiki jana. Safari hii nililibonyeza, likarudi. Gari likisimama Kamukuywa, shuka. Mjomba wako atakusubiri barabarani. Ukifika uani mpe Kukhu karatasi kwanza, kabla ya blanketi. Nataka aone kwamba ni mimi nimempa kipimo, kwa mkono wangu, na kwamba sijalala. Mwambie Mwalimu anasema miguu bado inauma, na hajui mtu mwingine anayeijua. Halafu mpe kile kitambaa, kisha blanketi, mwambie ajifunike au alikate, vyovyote anavyoona. Akiichana karatasi usiiokote. Akiiweka kwenye ncha ya leso, usitabasamu sana, ataona haya. Umtazame tu, halafu mle chakula chake, halafu uende kazini.

Nimejiuliza kama natumia kisigino kunisemea neno ambalo mdomo wangu unalikataa. Inawezekana. Najishuku kwa hilo pia. Lakini kisigino kinauma kweli, na yeye hatawahi kudanganywa kuhusu miguu yangu.

Na kesho asubuhi, kabla hujatoka, ziweke soli zako ndani ya viatu ukiwa sebuleni, mbele yangu. Usingoje ufike getini. Mimi nitakuwa kwenye kochi nikijifanya nasoma. Kisha tutatoka wote, na tutapitia getini.

Usiku ukishafika Bungoma utanipigia. Sema ulichokiona tu: alichukua nini kwanza, aliiweka wapi, alisema nini. Kama hakusema neno, sema hakusema neno. Usinipambie hata kidogo ili nilale vizuri, Nekesa, kwa sababu unanijua. Nitashuku.

Baba yako,
miguu chini, nikingoja